Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mifugo Zanzibar: walindeni mbuzi tulio nao kabla ya kutugawia wengine

Kaskazini Pemba

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya mifugo Zanzibar,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

YAH: HUDUMA ZA AFYA YA MBUZI KWA WAKULIMA WADOGO WA PEMBA

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, naandika barua hii hadharani kwa sababu njia nyengine tumekwisha kuzipita. Tumezungumza na bwana mifugo, tumepeleka malalamiko kwa sheha, tumeandika barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri katika ofisi inayohusika, na tumesimama katika mikutano tukauliza. Kila mahali tulisikilizwa kwa upole na tukaambiwa kwamba jambo letu linafanyiwa kazi. Masika yaliyofuata tulifukia mizoga mingine.

Mimi ni mkulima mdogo mwenye konde la muhogo, mikarafuu michache ya urithi, na mbuzi. Naandika kwa ajili yangu na kwa ajili ya majirani zangu, wengi wao akina mama, ambao wamenitaka niyaseme haya kwa niaba yao.

Naomba nianze na nafasi ya mbuzi katika maisha yetu, kwa sababu ofisini mara nyingi huhesabiwa kuwa mnyama wa kando, anayefugwa na aliyeshindwa kufuga ng'ombe. Upande wa mashariki na wa kaskazini wa kisiwa chetu, hasa Micheweni, pana ardhi kubwa ya maweni ambako jembe hugonga jiwe kabla halijazama, na ambako muhogo hutoa mizizi myembamba hata mwaka wa mvua nzuri. Hapo mbuzi hula vichaka, majani ya mfenesi na maganda ya muhogo, na hutuachia samadi inayolifanya hilo konde dogo lizae. Karafuu, ambayo ndiyo zao letu kuu, haizai sawa kila mwaka, na msimu wake ukipita mkulima hukaa miezi mingi bila ya fedha mkononi. Mbuzi huuzwa mwezi wowote. Skuli zinapofunguliwa, mtoto anapolazwa hospitali au paa linapovuja, mama huchagua mbuzi mmoja akampeleka kwa mnunuzi, wala hahitaji kwenda kukopa kwa mtu.

Soko nalo lipo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba, na karibu sote ni Waislamu. Mtoto wa kiume akizaliwa, sunna ni kuchinja mbuzi wawili kwa akika yake, na wa kike mmoja. Kuna harusi, kuna hitima, na kuna Iddi Kubwa ya mwezi 10 Mfunguo Tatu, ambapo mbuzi wa kuchinjwa lazima awe ametimiza umri na asiwe na chongo, kilema wala maradhi. Mbuzi jike hubeba mimba kwa siku 150 hivi, na akitunzwa vizuri anaweza kuzaa mara 3 katika miaka 2, mara nyengine pacha. Kwa hesabu hiyo, aliyeanza na majike wanne angetakiwa kuwa na kundi la maana baada ya miaka michache tu. Lakini wengi wetu hufuga maisha yetu yote bila ya kufikia mbuzi 40, idadi inayomwajibisha mfugaji kutoa zaka. Wanazaliwa, tunawalea, kisha wanakufa kwa maradhi yanayozuilika.

Hayo ndiyo yanayotuumiza, na naomba niyaeleze moja baada ya jengine.

1. Chanjo hufika baada ya vifo.

Ugonjwa tunaouogopa kuliko yote ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Huanza kwa homa, kisha machozi na kamasi nzito zinazogandamana puani, vidonda mdomoni, kukohoa na kuhara, na mnyama huweza kufa ndani ya siku chache. Ni ugonjwa wa virusi, na hauna dawa ya kuuponya. Ulithibitishwa Tanzania mwaka 2008, kwa hiyo si mgeni tena. Chanjo yake ipo, na ni miongoni mwa chanjo nzuri kabisa za mifugo: mbuzi akichomwa mara moja kwa njia iliyo sahihi hupata kinga ya miaka 3 au zaidi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani yamejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huu duniani kote ifikapo mwaka 2030, kama ilivyotokomezwa sotoka ya ng'ombe mwaka 2011.

Tazameni basi maana yake kwa kisiwa kilichozungukwa na bahari. Mkiwachanja mbuzi wote wa Pemba kwa mzunguko mmoja uliokamilika, miaka inayofuata kazi itakayobaki ni ya vitoto vilivyofikia umri wa miezi minne hivi, na wanyama wanaoingia kutoka nje. Hii ni kazi yenye mwisho.

Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Habari ya chanjo ilitufikia kwa simu usiku, kwa kazi ya asubuhi yake. Waliopata habari walikusanya mbuzi chini ya mwembe tangu jua halijapanda, na timu ilifika adhuhuri. Kasha la chanjo lilipofunguliwa, barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji, na chupa zilikuwa zikielea. Chanjo hii inataka baridi mpaka dakika ya kuchanganywa, na ikishachanganywa inataka kutumika upesi siku ile ile, kwa hivyo mzee mmoja aliuliza kwa adabu kama bado inafaa. Hakujibiwa. Wenye mbuzi wa mwisho mwisho waliambiwa dozi zimekwisha na warudi nyumbani. Mara iliyofuata timu ilikuja baada ya kijiji cha jirani kupoteza mbuzi, ikachanja waliobaki, na jambo likahesabiwa kuwa limetekelezwa.

Jambo linalouma zaidi ni kwamba hakuna aliyechukua sampuli ya wale waliokufa. Homa ya mapafu ya mbuzi nayo huleta kikohozi na vifo vya ghafla, na ina chanjo yake mbali. Bila ya kupima, ofisi inachanja kwa kubahatisha, na mfugaji aliyemchanja mbuzi wake kisha akamwona akifa huondoka akiamini kwamba chanjo ni maneno matupu. Imani hiyo ikishapotea, kuirudisha ni kazi kuliko kununua chanjo yenyewe.

2. Dawa za minyoo zinauzwa bila ya maelezo tunayoweza kuyasoma.

Sotoka huua kwa kishindo, lakini minyoo ndiyo inayotumaliza kimya kimya. Masika na vuli, majani yanapokuwa mabichi na ardhi haikauki, mnyoo unaonyonya damu katika tumbo la mbuzi huongezeka kwa kasi. Ukimkunja mbuzi kope la chini, ndani panatakiwa pawe na wekundu wa damu. Nimekunja kope nikakuta weupe kama karatasi, na chini ya taya pamejaa maji, panabonyea kwa kidole na panachukua muda kurudi. Mbuzi huyo anaweza kuwa anakula vizuri asubuhi ile ile, na kesho yake asinyanyuke.

Dawa zipo madukani, lakini boksi limeandikwa kwa lugha ya kigeni, na mara nyingi kipimo kilichotajwa ni cha ng'ombe na kondoo peke yao. Mbuzi huivunja dawa ya minyoo mwilini haraka kuliko kondoo, na kipimo cha kondoo hakimtoshi. Kwa kuwa fedha ni ndogo, watu hununua chupa moja wakagawana, kila mmoja akakadiria kwa kijiko. Minyoo inayonusurika kwa dawa pungufu ndiyo inayobaki na kuzaana, na baada ya muda dawa ile haifanyi kazi tena kijiji kizima. Isitoshe, zipo dawa za minyoo ambazo hazifai kupewa mbuzi mwenye mimba changa, na hakuna aliyetwambia hilo mpaka mama mmoja jirani yangu alipopata vitoto vyenye kasoro akaenda kuuliza mwenyewe. Karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa katika kila duka la dawa za mifugo, na somo la nusu saa la kutazama kope, vingeokoa mbuzi wengi kuliko semina za hotelini.

3. Mbuzi wa kugawiwa.

Hapa naomba nisomwe bila ya kueleweka vibaya, kwa sababu wapo majirani zangu waliosaidika na nawashukuru wote waliotoa. Kila baada ya muda huja mradi unaogawa mbuzi. Hufanyika hafla, hupigwa picha, na mbuzi hukabidhiwa kwa vikundi kwa sharti la kurudisha mtoto wa kwanza apewe mwengine. Mpango wa namna hiyo ni mzuri, na mahali ulipofuatiliwa umefanya kazi. Kilichotokea kwetu ni kwamba mbuzi walioletwa walikuwa wa maziwa, wa kizazi chenye asili ya milima ya Uswisi, waliozoea baridi na chakula cha kutosha, na waliwekwa katika joto na unyevunyevu wa Pemba bila ya banda lililoinuliwa, bila ya shamba la malisho na bila ya mtu wa kuwafuatilia. Waliugua mapafu na minyoo. Beberu mmoja aliachiwa shehia nzima, akapanda majike, akaja akawapanda na watoto wake mwenyewe, kwa sababu haukuwapo utaratibu wa kumbadilisha na beberu wa shehia nyengine.

Mbuzi wetu wa kienyeji ni mdogo, lakini anavumilia jua, kupe na njaa ya kiangazi. Kama nia ni kumkuza, yapo mabeberu chotara waliozoea nchi zetu, kama wale waliozalishwa Malya, mkoani Mwanza, na wanaweza kupandishwa kwa mpango ili majike madogo yasitaabike wakati wa kuzaa. Lakini hata hilo linakuja baada ya chanjo na dawa. Mnapomkabidhi mama masikini mbuzi asiye na huduma, mnamkabidhi pia mzigo wa kumlisha, kumtibu na mwisho kumfukia, na jina la kikundi chake linabaki katika daftari kuwa ni wadaiwa ambao hawajarudisha mtoto wa kwanza.

4. Wanyama wanaoingia kabla ya Iddi.

Wiki za mwisho kabla ya Iddi Kubwa, majahazi na boti huleta mbuzi kutoka Bara. Hatupingi biashara hiyo, kwa sababu bila ya hiyo wengi wasingechinja. Tunachouliza ni nani anayewapima, wanakaa karantini siku ngapi, na wapi. Mnyama huweza kuwa na sotoka siku kadhaa kabla ya kuonyesha dalili, na husambaza kwa pumzi, mate na kinyesi chake. Tumeona mbuzi wakishushwa asubuhi na jioni wamefungwa pamoja na wa kwetu mnadani, na wasiouzwa wakapelekwa kufugwa vijijini. Kuchanja kisiwa na kuacha mlango wa bandari wazi ni kupoteza chanjo na fedha za umma.

5. Bwana mifugo hana nyenzo.

Simlaumu. Anahudumia shehia nyingi, pikipiki yake hukaa bila ya mafuta, na mara nyingi huja kwa nauli yake mwenyewe au ya mfugaji mwenye mgonjwa, jambo ambalo humfanya asiye na nauli asimwite kabisa.

6. Mbwa wanaorandaranda.

Wameingia mabandani usiku na kuua vitoto, na wanaofuga kwa kamba hupoteza hata wakubwa mchana, kwa sababu mbuzi aliyefungwa hana pa kukimbilia. Kila ofisi tunayokwenda hutuelekeza kwa nyengine.

Waheshimiwa, najua majibu tutakayopewa, kwa sababu mengine tumekwisha kuyasikia.

Mtasema bajeti haitoshi. Lakini nchi hii imefanya makubwa zaidi. Katika miaka ya 1990 Serikali yetu, ikishirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilimwaga kutoka angani madume ya mbung'o yaliyozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, mpaka mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Hapa Pemba kwenyewe, kichaa cha mbwa kilikatwa kwa kuwachanja mbwa kwa wingi. Kikarudi mwaka 2016, na kufikia mwaka 2018 kikakatwa tena. Aliyeweza kumfuata mbwa asiye na mwenyewe mpaka akamchanja hashindwi kumchanja mbuzi anayeletwa kwa kamba na mwenyewe. Na tuko tayari kuchangia. Tupeni bei moja iliyotangazwa kwa kila mbuzi, tupeni risiti, na mtuonyeshe kuwa chanjo ni baridi.

Mtasema wafugaji hawajitokezi. Hujitokeza wakipewa habari mapema. Tangazo likisomwa misikitini baada ya sala ya Ijumaa, wiki mbili kabla, na sheha akapita kwa wale wasiofika msikitini, wakiwemo akina mama ambao ndio wafugaji wengi, hakuna atakayebaki nyumbani na mbuzi wake.

Mtasema mbuzi wanaharibu mazao, hasa miche ya mikarafuu. Hilo ni kweli, na mkulima anayeliwa miche yake ana haki ya kulipwa. Lakini anayefuga bandani anahitaji malisho ya kukata, na hapo ndipo msaada wenu ungezaa matunda: tupatieni mbegu za milusina na gliricidia, tuzipande kuwa uzio wa makonde yetu na chakula cha mbuzi kwa pamoja, na mtufundishe kuyanyausha majani ya muhogo kabla ya kuwalisha, kwa sababu mabichi yana sumu. Kumnyima mbuzi chanjo hakumfunzi mwenyewe kumfunga.

Na wapo watakaosema kuwa kipaumbele cha sasa ni Uchumi wa Buluu, yaani bahari, mwani, uvuvi na utalii. Tunaunga mkono, na wengi wa wake zetu wanalima mwani. Ni mama huyo huyo anayetoka pwani maji yakijaa akaenda kukata majani ya mbuzi. Bei ya mwani ikishuka, mbuzi ndiye anayemvusha mpaka msimu mwengine, na kitoweo cha hoteli za watalii hakitoki baharini peke yake.

Kwa hivyo, Waheshimiwa, tunaomba yafuatayo.

Kwanza, ratiba ya chanjo ya sotoka kwa kila shehia ya Pemba, yenye tarehe, itangazwe kabla ya masika yajayo, ikiwa na idadi ya dozi na jina la afisa anayehusika. Na mwisho wa kazi matokeo yabandikwe kwa sheha, yaonyeshe mbuzi wangapi wamechanjwa na wangapi wamebaki. Hili ndilo ombi letu kubwa. Mkiweza moja tu, fanyeni hili.

Pili, mbuzi wanapokufa zaidi ya mmoja kwa mfululizo katika shehia, sampuli ichukuliwe na mfugaji apewe jibu la maandishi. Tatu, vijana wawili wa kila shehia, mmoja wao mwanamke, wafundishwe huduma za mwanzo za afya ya mifugo na wapewe vifaa, wafanye kazi chini ya usimamizi wa bwana mifugo, na bwana mifugo mwenyewe apatiwe mafuta ya pikipiki. Nne, maduka ya dawa za mifugo yatakiwe kuwa na maelezo ya Kiswahili yenye kipimo cha mbuzi. Tano, mnyama yeyote anayeshushwa Pemba awe na cheti cha chanjo na akae karantini kwa muda utakaotangazwa hadharani, kuanzia Iddi Kubwa ijayo. Sita, ofisi moja itajwe kuwa ndiyo yenye dhamana ya mbwa wanaorandaranda, ili tujue pa kwenda.

Na kwa miradi ya kugawa mbuzi, tunaomba isimame kwa muda katika shehia ambazo mzunguko wa chanjo haujakamilika. Fedha hizo zinunue chanjo, barafu na mafuta kwanza.

Tuko tayari kukutana nanyi mahali popote na wakati wowote mtakaoutaja, na tutakuja na orodha ya wafugaji na idadi ya mbuzi wao, kaya kwa kaya, ili msiseme takwimu hazipo. Tunaomba jibu la maandishi, lipitie kwa sheha au litangazwe redioni, kabla mvua za masika hazijaanza.

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na mfugaji mdogo, Kaskazini Pemba,
kwa niaba ya wafugaji wenzangu

Nakala: Waheshimiwa Wawakilishi wa majimbo ya Pemba, masheha wote wa shehia zinazohusika